Yaya, si rezo

Yaya wangu mpendwa, mkubwa wangu,

Unisamehe nimekawia hivi kukuandikia. Mutoto alikuwa na homa, ni kweli, lakini homa ilikwisha na mimi nikaendelea kuitaja. Ni haya iliyonishika mkono.

Unakumbuka ulipokuwa bado hapa Kamina, ordinatere yako, ile kompyuta nzee, juu ya gunia la unga, unanifundisha kuandika majaribio ya programu? Kila jaribio ulikuwa unaniuliza, mdomo umejaa bukari: "Swali iko wapi? Onyesha na kidole." Swali, yaani ule mstari unaouliza kama jibu la programu ni sawa ao hapana. Nikionyesha pabaya, unacheka: "Hapo umeuliza ukuta." Ukaniwekea ile programu ndogo ya ukaguzi, inayopiga mstari mwekundu swali likikaa mahali pasipofaa. Nikaiita mama mkwe. Ulicheka hata ukapaliwa.

Sasa sikia. Katika jaribio la programu yetu inayotumia akina mama ujumbe wa siku ya chanjo niliandika: kama rezo iko, uliza tarehe ni sawa. Unaijua rezo ya hapa, mtandao unaokuja na kupotea. Nilichoka kuona jaribio linaanguka kila mara kwa ajili yake. Mama mkwe akapiga mwekundu: swali lisikae ndani ya "kama". Mutoto alikuwa mgongoni analia. Nikaizima ile kanuni. Rezo ikakosa, swali halikuulizwa, na jaribio likatoa kijani tu, kana kwamba limefaulu. Nikakutumia: "Yote kijani, yaya." Ukanisifu: "Weye njo fundi!"

Ujumbe ukaenda na tarehe mbaya, na akina mama wakafika kituo cha afya siku isiyo ya chanjo. Nilikuwa pale nimeleta wangu kupimwa uzito. Mke wa askari, aliyetoka na mapacha kule Base, kambi ya jeshi, akamuuliza muuguzi mkuu: "Telefone yenu inatuchezea? Ao iko na bwana kule njiani, inataka tu tutembee?" Watu wakacheka. Nilicheka pia, yaya. Nikasema kwa sauti: "Ni rezo, mama, rezo ya Kamina." Nikamsaidia kufunga pacha mgongoni. Akanishukuru.

Nawe nilikutumia neno hilo moja, rezo, ukaniamini, ukamwandikia muuguzi mkuu hivyo hivyo.

Jana nilienda kumwambia ukweli. Akanitazama kwa huruma: "Mama, yaya yako ameandika ni rezo. Weye unabeba kosa la mashine kwa nini?" Sasa wanataka kusimamisha antena, na watachangisha akina mama wale wale. Nilitoka pale bila kuweza kumtazama mtu.

Najua utataka kunifunika. Hata nilipounguza sombe ya wageni ulisema ni weye. Safari hii nakuomba usinifunike. Nakukataza pia.

Swali nimelitoa nje ya "kama". Jaribio likaanguka palepale, jekundu, nikaona kosa, nikarekebisha tarehe. Ninachohitaji bado unitumie ni hiki: faili la kanuni kama lilivyokuwa kabla sijaligusa, mfano wako wa jaribio linaloigiza rezo hata ikikosa, waya wa ordinatere, ule wa pini nene, na ujumbe kwa muuguzi mkuu, kabla hawajaanza kuchangisha, useme si rezo, ni mimi, na jina langu lote uliandike.

Mdogo wako