Dawudi Si Mwanangu

Mtaa wa Diagonal,
Johannesburg.
Jumapili, duka limefungwa

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Na wewe Mwanaidi mdogo wangu unayemsomea, marahaba, na tafadhali soma yote kama yalivyoandikwa, usiruke pale utakapoona nimekutaja. Baba, macho yanaendeleaje? Nimeambiwa la kulia sasa linajua mchana na usiku basi, na la kushoto ukungu umefika katikati. Yale matone niliyotuma unayatia mara tatu kwa siku kama daktari alivyosema, au unayatia ukikumbuka? Na goti? Na shangazi, bado hasemezani na jirani kwa ajili ya kuku?

Mimi mwili wangu mzima. Moyo, ngoja nikueleze.

Nimeandika barua badala ya kupiga simu kwa sababu wewe ukipokea simu unaiweka spika, na baraza zima la Korogwe linasikiliza pamoja nawe. Jambo hili nataka ulisikie wewe kwanza. Baadaye watangazie wote, tena kwa sauti, maana wao ndio waliolianzisha.

Baba, sina mtoto anayeitwa Dawudi. Sina mtoto wa jina jingine pia. Sijaolewa kwa siri, sijazaa kwa siri, sijamficha mjukuu wako. Yule mbuzi uliyemtenga kwa akika, mrudishe kwa wenzake. Mwanaidi anasema kila jioni unauliza kama picha ya mtoto imefika, umwone kabla jicho la kushoto halijafunga. Nilipoyasikia hayo nilikaa chini, kitambaa cha mtu mkononi, nusu saa nzima sikushona kitu. Unanijua, nusu saa kwangu si kitu kidogo.

Aliyeleta habari ni Hamisi, huyu wetu wa pale kwa fundi baiskeli. Alipopita huku alilala kwangu siku tatu, akala milo yote, nikamshonea na suruali bila kumtoza senti. Shukrani yake ikawa kwenda kusema kwamba Zainabu ana mtoto wa kiume, na kwamba kila mtu mjini anamwita Mama Dawudi. Hilo la pili si uongo. Ni kweli wananiita Mama Dawudi. Sasa sikiliza kwa nini.

Mtaa huu ninaokaa ni wa kale. Mitaa mingine yote ya katikati ya jiji imenyooka kama mistari ya daftari la hesabu, huu peke yake umekatiza kimshazari, kama mtu aliyekata kitambaa bila chaki. Upande mmoja wamejenga ghorofa la vioo lililochongwa kama almasi. Upande wetu ni maduka ya zamani ya ghorofa moja, yenye varanda za chuma kilichosukwa kama kamba. Kulia kwangu wanauza mablanketi ya Kisotho, kushoto wanauza mizizi na magome na mikia ya wanyama nisiowajua. Wateja wangu wakichukua nguo zinanukia dawa. Nimezoea. Chini ndipo duka langu, cherehani nne, tatu zangu na moja ya kukodi. Juu ndipo ninapolala, na ndoo tatu, kwa sababu dari linavuja mahali patatu.

Juu ya mlango wangu pana kibao. Ni cha mbao, herufi za dhahabu zilizochakaa, kimeandikwa DAWOOD, FUNDI WA SUTI. Nilipolikodi duka nilikikuta, na nilidhani nitakishusha siku hiyohiyo. Nikatengenezesha changu, kizuri, cha bluu: ZAINABU SEIF. Nikakodi ngazi. Nikiwa nimepanda ngazi ya nne akatokea bwana mmoja kutoka ofisi ya Randburg inayosimamia jengo hili.

"Mama, shuka," akasema. "Jengo hili ni urithi. Huruhusiwi kugusa mbele. Hata msumari mmoja."

"Na dari linalovuja," nikamwuliza, "nalo ni urithi?"

"Dari ni la ndani. La ndani ni juu ya mpangaji."

Umesikia, Baba. Kinachovuja ni changu, kinachong'aa ni cha taifa. Akaniambia nikikitundika changu, mwisho wa mwezi nikatafute mlango mwingine. Kwa hiyo kile kibao ulichoniagiza picha yake miaka mitatu sasa, kile unachosema unataka kuwaonyesha watu jina lako lilikofika, kipo. Kimesimama nyuma ya mlango, kimegeukia ukuta kama mtoto aliyeadhibiwa. Ndiyo sababu picha haikuja. Nilikuwa nakwambia kamera imeharibika. Kamera nzima.

Sasa Dawudi. Siku moja aliingia Mrundi mmoja, mtu mzima, mstaarabu, ana suruali ya kupunguza. Kwetu na kwao ni kulekule, huwezi kumwita mwanamke mzima kwa jina lake kama unaita kuku. Akainua macho, akasoma juu ya mlango, akaona hapa mtoto wa kwanza bila shaka ni Dawudi. "Mama Dawudi," akasema, "habari za kazi?" Mimi nilikuwa na pini nne mdomoni. Nikaitikia kwa pua. Hapo ndipo nilipokosea. Ungekuwa wewe ungezitema kwanza.

Akamwambia mwenzake, mwenzake akawaambia wa msikitini, na Waswahili wa mji huu hawahitaji zaidi ya hapo. Baada ya mwezi watu wanauliza, "Dawudi hajambo?" Mwanzoni nilieleza. Kueleza kunachukua dakika tano, na wateja kumi na wawili kwa siku, hesabu mwenyewe. Nikaanza kusema "hajambo" nikaendelea kushona. Basi mtoto akakua. Akapewa shule. Akapewa ukaidi. Mwaka jana mama mmoja wa Kigoma alimletea sweta alilolifuma mwenyewe, la mtoto wa miaka sita. Nikamwambia Dawudi hayupo duniani. Akashika kifua, akaanza kunipa pole. Ikabidi nilipokee sweta na nimwambie nilimaanisha hayupo nyumbani. Sweta limo kwenye kifurushi hiki, mpeni mtoto yeyote wa jirani linayemtosha. Limefumwa vizuri, siwezi kukanusha.

Jirani yangu Mama Furaha, Mkongo wa Bukavu anayesuka nywele chini ya varanda yetu, hanionei huruma hata kidogo. "Wee Zainabu, unajisumbukiaka bure," ananiambia. "Miye hapa kila mutu ananiita rafiki yangu, rafiki yangu, na sina rafiki hata moja. Naitikaka tu."

"Wewe una jina lako kwenye kioo pale."

"Ya Furaha, mutoto wangu, haiko yangu. Na weye, ukiandika yako pale juu, siku balevi bakipita na mafimbo kutafuta bageni, bataanzia wapi? Dawood ni muzee wa hapa. Achia muzee akulinde."

Neno hilo linaniudhi mpaka leo kuliko kibao chenyewe.

Halafu kuna Jumamosi. Jumamosi hupita kijana mmoja, Lwazi, anatembeza wageni na kuwasimulia habari za mtaa. Wamevaa kofia, wamebeba maji kama wanakwenda jangwani. Anawasimamisha mbele ya mlango wangu, pale hasa mteja anapotakiwa kuingia, anawaonyesha kibao, kisha ananinyooshea kidole mimi. "Na huyu ni mjukuu wa Dawood, anaendeleza kazi ya babu yake." Wanapiga picha. Mimi na sindano.

Nilimvuta pembeni. "Kaka, mimi natoka Tanzania. Baba yangu ni Seif."

"Sharp, mama, sawa, nimesikia," akasema, na kweli ana tabasamu zuri. "Lakini watu wanapenda hadithi iwe na mwisho."

Kwa hiyo kwa Warundi mimi ni mama yake Dawudi, na kwa watalii ni mjukuu wake. Miaka kumi na moja niko nchi hii. Nilianza kwa kushona vifungo kwenye karakana ya mtu kule Kensington, nikanunua cherehani ya kwanza, ya pili, ya tatu, hakuna aliyenishika mkono, na kila nilichokifanya kinaandikwa kwa jina la mbao.

Jumamosi mbili zilizopita, kati ya wale wenye kofia, alikuwepo bibi mmoja wa Kihindi, mfupi, anatembelea fimbo. Lwazi akasema yake. Bibi akaniangalia, akakiangalia kibao, akasema kwa sauti kavu, "Kama wewe ni mjukuu wa Dawood, basi umenizidi. Mimi baba yangu alishona humu maisha yake yote, na hatukuwahi kumwona huyo Dawood."

Lwazi akacheka peke yake.

"Dawood alikaa hapa miaka minne," bibi akaendelea, "akahamia Durban. Baba alipochukua duka hakuwa na pesa ya kibao kipya. Alipozipata, watu walikuwa wameshazoea. Akaitwa Dawood mpaka siku wanamzika. Alikuwa anaitwa Yusuf."

Nikamwachia kiti changu. Kundi likaenda, yeye akabaki. Nikamwambia habari za mtoto wangu Dawudi aliyeletewa sweta, akacheka hadi akafuta macho. Akaniambia nyumbani kwao kulikuwa na sheria: jina la dukani linavuliwa mlangoni pamoja na viatu.

Jumanne akarudi na koti la baba yake. Bitana imechanika, anataka nilitengeneze. Baba, hilo koti ungelipenda. Mabega yamekaa kama yamemwagwa. Nikaanza kufumua chini ya ukosi, nikakuta kitu kidogo kimeshonwa kwa uzi wa manjano, mahali ambapo mvaaji hawezi kupaona. Herufi tatu za kwao. Nikamwita aje aone.

Hakuangalia. Alipitisha kidole. "Nilikuwa nalivaa hili kwenye baridi nikiwa msichana," akasema. "Nilikuwa naigusa hii kila siku. Nilidhani ni uzi umejikunja." Akairudia kwa kidole. "Ni Yusuf. Imeandikwa Yusuf."

Nadhani unajua nilimkumbuka nani. Mishono mitatu ya uzi mwekundu, imesimama sambamba, ndani ya ukosi wa shati au kiunoni mwa suruali. Nakumbuka yule karani aliyekuletea kaptula iliyofumuka, anapiga kelele mbele ya watu kwamba fundi Seif kamharibia. Hukubishana naye. Ulimwambia, "Geuza kiuno." Akageuza, hakuna kitu. "Basi si yangu," ukasema, ukarudi kwenye cherehani. Wewe hukuwa na kibao maisha yako yote, Baba. Ulishonea chini ya bati la duka la mtu mwingine. Na Korogwe nzima ilijua kazi yako ni ipi.

Basi mgeuzeni Dawudi. Hana alama yangu.

Kibao bado kipo pale juu. Yule bwana wa Randburg hajabadilika, na dari halijabadilika; jana mvua ilinyesha nikaongeza ndoo ya nne. Lwazi nimempa maneno mapya, na jana alipopita aliyasema nusu. Mrundi wangu bado ananiita Mama Dawudi. Huyo nimemsamehe, analipa siku ileile.

Nisalimie shangazi, mwambie kuku ni kuku, ujirani ni wa miaka. Nisalimie mjomba mwenye duka la vipuri, na kaka yangu mkubwa kule shambani, mwambie nimepata ujumbe wake na jibu ni hapana, atajua. Nisalimie mwalimu wangu wa chuo cha Kurani aliyenifundisha kusoma. Na Hamisi mwambie nguo ya pili atalipia.

Mwanaidi, ukifika hapa nyamaza kwanza. Fungua kifurushi, chini ya sweta kuna shati jeupe, ndilo la Baba. Mpe mkononi, halafu uendelee.

Baba, mjukuu wa kukuonyesha sina, na picha sikutumii, kwa sababu picha inataka macho. Geuza ukosi. Pitisha kidole taratibu, kuanzia kushoto. Mitatu iliyosimama ni yako, nimeipima kama ulivyonifundisha, nafasi ya punje ya mchele kati ya mmoja na mwingine. Endelea mbele kidogo. Huo wa nne, uliolala, ni wangu.

Wako,
Zainabu binti Seif
fundi