Makosa Kumi na Saba ya Tovuti ya Baba

Iisalmi, 9 Januari

Kwako Saimi,

Barua yako haikuwa na salamu hata moja, kwa hiyo naanza mimi. Sijambo, ila goti linanisumbua kwa baridi hii. Wewe je, unakula?

Tangu tumzike mama yako hujaniandikia. Leo nikaona jina lako, nikakimbilia miwani. Kumbe naitwa "Mheshimiwa Mmiliki", na tovuti yangu ya majiko ina makosa kumi na saba. Nilipofika kosa la tisa, "ukurasa wa maswali hauna faida, ufutwe", nikaivua miwani. Ukurasa huo aliuandika mama yako.

Hii ndiyo kazi iliyokutoa ofisi ya bima?

Baba yako

Turku, 10 Januari

Baba mpenzi,

Shikamoo, na pole na goti. Mimi afya ninayo, usingizi sina.

Sikujua kuwa ni wewe. Niliipa programu anwani za mafundi wote wa majiko ya matofali nchini, ikakagua tovuti zao, ikaandika makosa, nami nikatuma bila kusoma hata barua moja. Wageni wa kazi hii ya kuzifanya tovuti zionekane juu watu wanapotafuta mtandaoni tunaanza hivyo. Waliojibu ni wewe tu, na fundi mmoja wa Oulu: "Dada, jikague mwenyewe kwanza."

Wenzangu wa kazi hii wanasema niwapigie wateja simu. Naishika, kisha naiweka. Likizo yangu isiyo na malipo inakwisha Ijumaa, tarehe kumi na tatu Februari. Nisipopata mteja hata mmoja kufikia siku hiyo, narudi kwenye meza yangu ya bima kupanga madai ya mabomba yaliyopasuka, na safari hii sitatoka tena. Najijua.

Nisamehe. Nipe neno la siri la tovuti, nikurekebishie bure.

Mwanao

Iisalmi, 18 Januari

Saimi,

Marahaba. Mimi mzima, na kuni zipo.

Neno la siri ni jina la paka. Lakini ukiniletea wateja, nani atapokea simu? Alikuwa anapokea mama yako, Orvokki wangu. Siku hizi ikilia natoka nje kupasua kuni. Aapo wa dukani ananitania, "Veijo, hiyo simu umeiweka pambo?" Kazi inapungua, najua.

Fanya utakalo, ila maneno yake usiyaguse. Na mimi usinihesabu kuwa mteja. Mteja hulipa.

Baba

Turku, 25 Januari

Baba,

Shikamoo. Goti linaendeleaje?

Jana nimeusoma ukurasa wa mama, wote. Hakuandika matangazo. Aliandika maswali kama watu walivyomwuliza kwenye simu: "Jiko linarudisha moshi ndani na nina mtoto mchanga, nifanye nini?" Akajibu: "Fungua dirisha kwanza, mwanangu. Kisha fungua kifuniko cha dohani mpaka mwisho. Kisha tupigie."

Baba, mtu mwenye hofu huandika hivyo hivyo anapotafuta mtandaoni. Mimi nilisomea jinsi watu wanavyotafuta, na bado nilikutumia barua inayosema ufutwe! Shida yake ilikuwa moja: kichwa chake kilikuwa "Karatasi 4", na ukurasa wa mbele haukuwa na njia ya kuufikia. Nimelifanya swali la moshi kuwa kichwa, na njia nimeiweka. Maneno yake sijagusa.

Simu ikilia, pokea. Huenda ni mtu mwenye moshi ndani.

Mimi nimeandikia watu sita tu safari hii, tovuti zao nimezisoma neno kwa neno. Nasubiri.

Mwanao

Turku, 8 Februari

Baba,

Shikamoo. Uko salama? Wiki mbili hujaandika.

Naona watu wanaufungua ukurasa wa mama. Wale sita hawajajibu. Barua ya kurudi ofisini nimeshaiandika, bado kutuma tu. Ningekupigia, lakini naogopa hutapokea.

Mwanao

Iisalmi, 12 Februari

Saimi,

Sijambo, nisamehe.

Jumatatu simu ililia. Nikachukua shoka. Nikiwa mlangoni nikamkumbuka yule mtu wako mwenye moshi, nikarudi.

"Hapo ni kwa yule mama wa moshi?" mwanamke akauliza.

Nikasema, "Ni kwa mumewe. Fungua dirisha kwanza."

Anaitwa Tyyne, wa Kajaani. Ana nyumba za wageni kando ya ziwa, na majiko mabovu matatu. La kwanza nimelimaliza jana. Tukinywa kahawa akalalamika kwamba nyumba zake hazionekani mtandaoni. "Wewe nilikupata upesi. Nani alikufanyia?"

"Binti yangu," nikamwambia. "Ni ghali, na anaogopa simu."

Akacheka. "Mwambie mimi siumi mtu."

Nimempa namba yako. Atakupigia kesho saa tatu asubuhi. Barua ya ofisini usiitume kwanza.

Pokea.

Baba

Turku, 13 Februari

Baba,

Nimepokea, na barua ya ofisini nimeifuta! Salamu nitaandika baadaye, Tyyne ana maswali mengi na nayaandika kama alivyoyauliza.

Mwanao