Moshi wa Mama Kabula

Jumamosi, Kiseke, Mwanza. Mawingu meupe, mazito, hayanyeshi.

Shaaa. Ndoo ya maji juu ya makaa ya moto. Tangu Jumatano naisikia sauti hiyo, hata chai ikifurika jikoni nashtuka.

Kosa ni langu. Bora niliandike kabla sijaanza kulipamba.

Wiki iliyopita nilivuka na kivuko hadi Kamanga kuwaeleza wanakijiji utafiti wangu: jinsi moshi wa binadamu unavyobadilisha mawingu. Nilieleza kwamba kila tone la wingu huhitaji chembe ya kushikilia. Magari, mkaa na mbuga zinazochomwa hurusha chembe nyingi mno. Maji yale yale hugawanywa kwa wengi, matone huwa madogo, mepesi mno kuanguka. Wingu huwa jeupe zaidi, hurudisha sehemu ya jua juu, na mvua huenda ikachelewa.

Huenda. Neno hilo sikulisema.

Watu walikuwa wanasinzia, nami nilitaka waniangalie. Nikanyoosha kidole kwenye matanuri ambako akina mama hubanika sangara, nikasema, "Moshi ule pale ndio unaozuia mvua yenu."

Waliamka.

"Kumbe!" akapaza mwanamume mmoja nyuma. "Mvua yetu inabanikwa pamoja na sangara!"

Wakacheka. Na mimi nikacheka.

Mimi ni Msukuma. Bibi yangu alizeeka na macho mekundu ya moshi wa kuni, na miaka ya ukame mama alimkataza kutoka nje peke yake. Najua kabisa maana ya kumnyooshea kidole mwanamke mzee mwenye macho mekundu mvua inapokawia: ni kumwita mchawi. Mgeni angeweza kujitetea. Mimi siwezi.

Jumatano nilirudi kuchukua mashine yangu ya kupimia hewa niliyoiacha kule. Nikamkuta Mama Kabula, mjane anayebanika samaki wengi pale kuliko wote na mwenye macho mekundu kuliko wote, amezungukwa na watu. Walimwambia aiachie mvua. Kisha jirani yake, mwanamke anayeomba kwake kuni kila wiki, akamwaga ndoo kwenye tanuri, sangara wakiwa nusu wabichi.

Nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu," akajibu, kama kawaida. Akawageukia wale watu. "Ningekuwa na uwezo wa kuzuia mvua, si ningeanza na ile inayovujia kitanda changu?"

Hakuna aliyecheka. Nikabeba mashine, nikawahi kivuko.

Nilikimbia. Niandike hivyo hivyo.

Nimekaa siku mbili nikijiambia kwamba sayansi yangu ilikuwa sahihi, wao ndio hawakuelewa. Si kweli. Moshi unaogusa mawingu ni wa miji mizima na mbuga nzima, ukiwemo wa bodaboda inayonipeleka mjini kila asubuhi. Matanuri matatu ya Kamanga hayawezi kuinyima nchi mvua, na nililijua hilo nilipoinua mkono. Sikuunyoosha kuelekea Mwanza kwa sababu Mwanza ndiko ninakoishi.

Leo asubuhi nilivuka tena. Jana nilimpigia mwenyekiti wa kijiji, akakubali kuwaita watu pale pale. Kabla sijaanza alininong'oneza, "Sema umekosea, mwalimu, inatosha." Nikasema nimewadanganya. Nikarudia, maana mara ya kwanza sauti haikufika nyuma.

Yule mwanamke wa ndoo aliondoka kabla sijamaliza. Sijui kama wengine waliniamini.

Halafu nikapiga magoti mbele ya tanuri la Mama Kabula, watu wote wakitazama. Majivu yalikuwa bado na unyevu. Nikapanga kuni vibaya, akazipanga upya. Nikapuliza mpaka moto ukashika, moshi ukanijaa usoni.

Nimerudi Kiseke na macho mekundu. Njia nzima sikuyaficha.