Zawadi ya Mama Mkwe Imo Ndani ya Mto

Shangazi mpendwa, shikamoo. Naomba unipokee na mzigo wangu, maana nyumbani sina pa kuutua.

Mimi ni fundi makochi, nina kibanda changu na mashine moja ya kushonea, na tatizo langu tangu zamani ni kwamba siwezi kumpa mtu zawadi kwenye karatasi za kumetameta za dukani kama watu wengine, naona kama nimemtupia, lazima nimfichie mahali asipotegemea, acheke kwanza ndipo apokee. Mke wangu nilimpa hereni ndani ya mkate nilioutoboa kwa chini, shemeji yangu alipohitimu nikamwekea kalamu ndani ya mguu wa stuli, akaikalia hiyo stuli muda mrefu akimlalamikia dada yake kwamba fundi mzima kaona ampe stuli, na wote wakishagundua huwa wanacheka na kunisamehe, basi nikazoea.

Sasa mama mkwe akaniletea kochi lake la zamani nilivalishe upya, na sisi mafundi tukichana kochi hukutana na mambo, vijiko, rimoti, vifungo, lakini safari hii kwenye kona, chini ya springi, nikakuta pete ya ndoa ya marehemu baba mkwe, ina jina la mama kwa ndani, nikajua ni ile iliyopotea siku nyingi. Nilifurahi Shangazi, nikaing'arisha, nikaitia kwenye kikopo, nikakizungushia sponji, nikashona mto mzuri kwa kitambaa kile kile cha kochi, na upande mmoja nikashona kwa uzi mwekundu, ule mshono ambao ukivuta uzi mara moja unafunguka wote, nikauacha uzi unaning'inia makusudi ili auvute. Mama alipoupokea akaukumbatia, akaugeuzageuza, akauona ule uzi, akasema masikini fundi wetu kazidiwa na kazi mpaka kasahau uzi, akaupiga fundo akaukata kwa meno.

Nilitaka kusema nikashindwa, maana alikuwa anafuta machozi akisema wanawe wote wanamletea vitu vya dukani, ila mkwe ndiye kakaa chini kamtengenezea kitu kwa mkono wake. Tangu hapo mto haumtoki, anauegemea mchana kutwa, anatamba nao kwa majirani. Niliomba nikaufue, akakataa. Nikamuuliza kwa mbali kama haumuumizi mgongo, akanijibu, "Hauumizi, mwanangu. Kuna kitu kigumu pale katikati, kinanikanda vizuri sana."

Ningecheka, ila juzi mke wangu alinieleza nisiyoyajua, kwamba pete ilipopotea mama hakuamini kuwa imepotea, alidhani baba kaivua kampa mwanamke mwingine, wakaishi kwa kununiana, na mzee akafa akiapa kwamba imo humo humo ndani ya nyumba. Mpaka leo mama akimtaja mumewe huishia katikati ya sentensi. Na kumbe ushahidi anauegemea. Nikisema sasa, ataniuliza kwa nini nilifanyia mchezo jambo kama hili, na mto anaoupenda ataona ulikuwa kifungashio tu. Nikinyamaza, namwacha baba mkwe na kosa ambalo hakulifanya. Mke wangu naye hajui kwamba pete imo ndani ya mto. Nifanyeje?

Ni mimi, Fundi wa Mto.

JIBU LA SHANGAZI

Marahaba, Fundi wa Mto. Nimecheka mpaka kwenye hicho kitu kigumu katikati, kisha nikaacha kucheka.

Una moyo mzuri, mwanangu, na akili ya kitoto. Hereni ndani ya mkate, haya, ingawa mkeo angevunjika jino leo ungekuwa unaniandikia barua nyingine. Lakini pete ya marehemu haikuhitaji mbwembwe. Ulinogewa na kufunga ukasahau kumfikiria atakayefungua, na mwanamke anayejua usafi wa kazi akiona uzi unaning'inia ataukata, ulitegemea nini?

Hiyo hofu ya kwamba mto utaonekana kifungashio, iache. Mama hakulilia sponji. Alilia kwa sababu kuna mtu alikaa akamfikiria, na hilo halitoki hata mto ukifumuliwa wote.

Mwambie mkeo leo hii, kabla hujala. Akikununia vumilia, umejitakia. Kisha nendeni wawili kwa mama, majirani wakiwa kwao na huyo shemeji wa stuli akiwa na shughuli zake. Usiuchane mto kwa kujificha wala usimbadilishie mwingine. Chukua sindano na uzi ule ule mwekundu, kaa karibu naye, useme kwa maneno machache: mama, nilipochana kochi niliikuta pete ya baba chini ya springi, nikaificha humu nikitaka kukufurahisha, kisha nikaogopa kusema. Basi, ishia hapo. Habari za mwanamke mwingine wewe hukuzisikia, hizo si zako. Akikufokea, inamisha kichwa, mkwe akifoka hajibiwi.

Halafu fumua fundo lake, unga uzi mpya kwenye ule mshono, umpe mkononi auvute mwenyewe. Usimsaidie.

Kikopo kikishatoka usianze kuhangaika na sponji wala kuomba mto uushone upya, huo utashonwa siku nyingine. Mshike mkeo mkono, mtoke nje, mfunge mlango taratibu. Mama ana mazungumzo na mumewe, na amechelewa sana kuyaanza.