Magome ya Nyuma ya Choo

Jumatatu, 3 Machi
Kilo kumi na nane kabla ya saa nne. Nani mwingine hapa kijijini Itumbe anachuma hivyo? Kwenye foleni ya kupima chai nimewaambia tena: Moraa wangu, yule wa chuo kikuu, anasomea vile chembe ndogo za dawa zinavyoshika protini na DNA. Nilimtumia magome ya mti ulio nyuma ya choo chetu. Yameshika DNA ya saratani! Nikasema dawa imepatikana, na imetoka kwangu. Wote wameshangaa isipokuwa Kwamboka, rafiki yangu tangu tuolewe hapa. Yeye ameinama akapanga majani kikapuni mwake. Wivu tu.

Jumatano, 5 Machi
Mti umechunwa! Uko uchi mpaka juu, kazi ya panga. Nimezunguka kijiji kizima nikitukana. Mtu anataka kuiba jina la mtoto wangu. Nikimpata atanijua.

Alhamisi, 6 Machi
Nimempigia Moraa tuomboleze mti. Badala yake kanifokea.
"Mama, nani alikwambia ni dawa?"
Si wewe? Si ulisema yanashika?
"Yanashika ndani ya kichupa! Wewe ukichuma, si unachagua majani mawili na chipukizi? Hiyo kitu haichagui. Inashika DNA ya ugonjwa, inashika na ile yenye afya. Mtu akinywa ni sumu. Mimi natafuta vile itafundishwa kuchagua. Ni miaka, mama."
Nimemkatia simu. Mimi, nifundishwe chai na mtoto niliyembeba mgongoni shambani?

Ijumaa, 7 Machi
Nimeenda kwa Kwamboka kumsengenya mwizi. Sufuria mekoni, harufu naijua. Magome yangu. Nimepiga kelele mpaka kuku wakakimbia. Mwizi ni wewe!
Alifungua blauzi. Uvimbe kwenye titi, kama yai.
Jumanne alikuwa aanze matibabu Kisii. Hakwenda.
"Si ulisema dawa imetoka kwako, mama Moraa? Niliona aibu kukuomba."
Anatapika tangu jana. Nimemwaga sufuria yote uani. Nimemtukana yeye, nimemtukana mume wake kwa kutomsukuma. Kufika nyumbani sikuwa na mwingine wa kutukana. Umebaki mdomo wangu.
Nimempigia Moraa. Amesema mpeleke, mama, mweleze daktari alichokunywa, usifiche. Hakuniambia, "Si nilikwambia?" Huyo nimemlea vizuri.

Sabato, 8 Machi
Nimesimama kanisani wakati wa ushuhuda. Magome si dawa, nimesema. Nilijisifu. Asiguse mtu.
Nyuma huko karani wa chai akacheka. "Kwa hivyo Moraa hajapata kitu?"
Damu ilinipanda. Nikamwambia amepata! Amepata kwamba haichagui. Wewe miaka yote unapima chai, umepata nini?
Mzee wa kanisa akaniomba niketi. Nimeketi. Bado nina hasira.

Jumatatu, 10 Machi
Kisii, hospitali, na Kwamboka. Sikuchuma leo. Daktari ameambiwa yote, pamoja na sufuria. Wamempima ini. Wamesema matibabu yataanza wiki ijayo, akipata nguvu.
Tulikaa kwenye benchi, tukala ndizi mbili, moja moja.
Nesi akaja na karatasi. Akaniuliza mimi ni nani. Kwamboka akanitazama, akingoja nianze kujisifu.
Nikasema, jirani yake.