Hodi Iliyokula Upande Mzima wa Santuri

Temeke, nyuma ya soko,
Dar es Salaam,
9 Novemba 1952.

Mpwa wangu mpendwa Fransis,

Pokea salamu za mjomba wako, tele kama ulivyozoea kuzipata. Sie huku wazima. Miguu yangu hunisumbua asubuhi, ikipata jua inatulia. Wewe je? Mkeo Atuganile hajambo, na watoto? Kile kikohozi cha vumbi la mkonge kimekuacha? Nijibu hilo kwanza kabla ya mengine.

Barua hii naandika mwenyewe. Wanaotaka kuniandikia wapo wengi hapa mtaani, nimewakatalia. Mwaka mmoja wa darasa la misheni unanitosha.

Umeniuliza kama ni kweli mjomba wako alichekwa na watu wa santuri. Aliyekuletea habari hiyo kakuletea nusu. Kaa nikupe nzima.

Unajua mie natunga nyimbo tangu mama yako hajaolewa. Za kulimia, za jando, za arusi. Ngoma yetu ikichezwa hapa Jumapili, kinachoimbwa ni changu, na watu wa Tandale wanakuja kusikiliza ili wakaibe. Ila sauti yangu, mpwa wangu, ni ya kufukuzia nguruwe shambani. Maneno ninayo, koo sina. Miaka yote waimbaji walikuwa wakiniharibia.

Mpaka nilipomsikia Sesilia. Ni mke wa Albano wa reli, anauza vitumbua hapa sokoni, na kwao ni Masasi kama sisi. Nilimsikia kwenye matanga ya jirani. Wengine wote walikuwa wanashindana na ngoma, yeye kaiacha ngoma ipite, kisha akaingia taratibu, na kila neno nikalisikia. Nilikuwa nala, nikaacha kula. Na unanijua, mie sisifu mtu hovyo.

Nikamfundisha zangu zote, kwa mdomo, akikaanga vitumbua vyake. Akanibishia sana. Mara mstari huu mrefu, mara hapa pumzi haitoshi. Mara mbili tatu nilimkubalia, usimwambie mtu.

Mkubwa kuliko zote ni wimbo wa wapagazi. Ndani yake wamo wenzangu kumi na wawili tuliobeba nao mizigo ya vita vya Mjerumani, wakafia njiani. Wa mwisho ni kaka yangu Apolinari, mjomba wako ambaye hukumwona. Kaburi hana. Mahali pake ni mle wimboni tu.

Wenye kuujua wote ni watu wawili, mimi na Sesilia. Na siku hizi mie jina moja moja hunipotea, nashinda kutwa nikilitafuta. Sasa mwezi wa tisa Albano kapata uhamisho wa kwenda Nachingwea, na mkewe naye. Nikaona wimbo unapanda meli unaniacha.

Ndipo wakaja watu wa mashine ya santuri, Mzungu na karani wake, Gozbert, Mhaya mmoja mpole. Wakasikia habari zetu, wakatuita. Ilikuwa zimebaki siku nne Sesilia asafiri.

Gozbert akatueleza kwamba kila kikundi kina nafasi mbili, na kila nafasi ni dakika tatu. Taa nyekundu ikiwaka mnaanza, ikizimika basi. Mie nikamwambia asinifundishe kazi, alikuwa bado kuzaliwa mie natunga.

Taa ikawaka. Sesilia akapiga hodi kama inavyotakiwa. Akamsalimia mwenye uwanja, akawasalimia wazee wa ngoma mmoja mmoja, wenye kuchunga ngoma zenyewe, waliotangulia mbele ya haki, kisha watu wa Masasi, kisha wa Newala. Alikuwa hajamaliza Newala, taa ikazimika. Wimbo haujaanza.

Hapo ndipo walipocheka, ni kweli. Mzungu alicheka mpaka akakaa.

Gozbert akasema nafasi iliyobaki tuache salamu, tuingie wimboni moja kwa moja. Nikakataa. Wimbo usio na hodi ni mtu aliyeingia kwa watu kwa dirisha, na mie kaka yangu simwingizi hivyo. Nikawaambia vijana wafunge ngoma twende zetu. Nilijua nikitoka pale ndiyo basi, na bado nilikuwa natoka.

Sesilia akanishika fimbo.

"Babu, hodi si tumeshapiga?"

Nikamwambia imepotea bure.

"Haijapotea, imo mle kwenye mashine. Wenyewe wametukaribisha, sasa tumo ndani. Ukipiga hodi tena ukiwa umeshaingia, nani hatakucheka?"

Gozbert akamweleza Mzungu, nikamwona anaitika kwa kichwa. Santuri ina pande mbili. Hodi ikae huku, wimbo ukae huku. Nikakaa chini, nikasema mie mwenyewe ndivyo nilivyokuwa nataka.

Akaimba. Majina kumi na mawili, hakuruka hata moja. Alipofika kwa Apolinari ngoma zikanyamaza kama nilivyopanga, jina likabaki peke yake. Akamaliza, taa bado inawaka.

Sesilia amekwisha kwenda zake. Nilimsindikiza bandarini na sikulia, atakayekwambia nililia ni mwongo. Santuri ilifika juzi, inapigwa kwa Mfaume mwenye mgahawa. Siku hizi nalala vizuri. Jina likinipotea, naliacha tu lipotee.

Ikifika huko Korogwe, anzeni upande wa hodi. Mtu asiwageuzie.

Nisalimie Atuganile, wanao wote, na Nikodemu wa kambi ya pili. Ukimwandikia mama yako Felicitas, mwambie jana mama mmoja mgeni, anakula chapati zake kwa Mfaume santuri ikipigwa, aliinua kichwa akauliza huyo Apolinari alikuwa nani. Nikavuta kiti nikakaa naye.

Mungu awakinge, awape kifua kizima na kazi isiyoumiza.

Mjomba wako akupendaye daima,
Mzee Revelian, mtunzi.