Kwa Baba Watoto, Mpimaji wa Mwendo wa Nyota

Mwaka mzima umetimia leo, Baba Watoto, tangu uliposema unajilaza kidogo kabla ya chakula cha mchana. Tulikuita mara mbili. Mara ya tatu aliingia binti yetu mkubwa, na kilio chake ndicho kilichotuambia.

Jirani yetu fundi cherehani bado anakusimulia. Alikuuliza nyota ya bintiye inasemaje kuhusu ndoa, ukamjibu kwamba nyota unazijua mwendo tu, tabia zake hujawahi kuziuliza. Alicheka mpaka akakosea kipimo cha suruali yako. Ilitoka fupi, na uliivaa hivyo hivyo miaka minne.

Watu walidhani unakesha ukichungulia darubini. Kumbe darubini ilikuwa mbali huko mlimani, na kazi yako ilikuwa ya mchana, ofisini, kwenye kiti kilichochakaa mbele ya kompyuta. Ulitueleza mezani kwa kukoroga chai: galaksi, yaani kundi kubwa la nyota, inazunguka hivi, nyota zake na gesi yake. Upande mmoja unatujia, na mwanga wake unaegemea buluu. Upande wa pili unatuacha, na mwanga wake unaegemea wekundu. Kwa tofauti hiyo ndogo ulipima kasi. Kitindamimba wetu akauliza kama chai yenyewe sasa inaruhusiwa kunywewa.

Ulikuwa mpole hata kwa tarakimu. Ukikosea, hukufuta. Ulikata kwa mstari mmoja wa penseli, kosa libaki linasomeka, kisha pembeni ukaandika lililo sahihi, na tarehe, na saa, na jina lako. Tulikutania kwamba hata orodha ya sokoni unaitia sahihi.

Nina jambo, mume wangu, ambalo sikukwambia ukiwa hai.

Galaksi iliyokupa sifa ni ile uliyosema gesi yake inazunguka kinyume na nyota zake. Barua ya kukupandisha cheo ilikuwa njiani. Ndipo siku moja, ukiandaa somo, ukagundua kwamba picha ya gesi ulikuwa umeisoma juu chini. Ilipigwa kusini ikiwa juu, wewe ukadhani ni kaskazini. Ukiigeuza, gesi na nyota zinakwenda upande mmoja, kama kwenye galaksi nyingi tu. Ulirudi nyumbani saa saba mchana, ukaingia na viatu hadi jikoni, wewe ambaye ulitugombeza wote kwa viatu. Ukanieleza ukiwa umesimama.

“Nyamaza,” nikakwambia. “Nani atajua?”

“Kuna wanafunzi wawili wanaanza kazi yao juu ya hesabu yangu,” ukasema. “Siwezi kuwaacha.”

Jioni hiyo ulituma barua ya kukiri kosa. Cheo kikayeyuka. Nikakwambia umetuaibisha, nikakununia wiki sita. Baadaye tulirudi kuongea, habari za bomba linalovuja, za wajukuu, za chumvi kuzidi. Hilo hatukuligusa tena. Nilijiambia ipo siku nitakuomba radhi. Ukaenda kujilaza.

Mwezi uliopita mmoja wa wanafunzi wale alikuja kutusalimia. Amehitimu. Alisema barua yako ilimwokolea miaka mitatu ya kuhangaika bure, tukalia wote wawili sebuleni. Alikuwa amekuja na daftari lako lililobaki ofisini. Nililifungua kwenye ukurasa wa galaksi ile. Namba ya zamani imekatwa kwa mstari mmoja, mpya iko pembeni, na tarehe ni ya siku ile ya viatu. Saa uliyoandika ni saa nne asubuhi.

Nimeutazama ukurasa huo kila siku tangu hapo. Saa nne ulikuwa umekwisha kata, na nyumbani ulifika saa saba. Kwa hiyo hukuja kuniomba ruhusa. Ulikuwa umeumia, ukaja kutafuta mtu wa kukaa naye, na mimi sikukuvutia hata kiti.

Basi na mimi ninakata, mbele ya watu wote wanaosoma tangazo hili la kumbukumbu. Nilisema umetuaibisha. Sifuti, ninapitisha mstari mmoja tu, lisomeke, wajue nilikosea. Pembeni ninaandika: sijawahi kumheshimu mtu kama nilivyokuheshimu siku ile, na sikuwa na moyo wa kusema. Tarehe ni ya leo. Saa ni saa saba mchana. Jina ni langu, mkeo.

Wanakukumbuka pamoja nami binti yetu mkubwa na mumewe, kitindamimba wetu, wajukuu zako watatu, dada yako, fundi cherehani, na wenzako wa ofisini ambao hawajamkalisha mtu mwingine kwenye kile kiti.

Hatutakusahau siku zote za maisha yetu.